Deti ya kwanza Dar: njia ya kurudi ishike mwenyewe

Ushauri wa deti umejaa mitandaoni, vaa hivi, cheka vile, usile sana mbele yake, mimi hayo leo sina habari nayo. Naongelea mwanamke wa Dar anayekwenda kuonana kwa mara ya kwanza na mwanaume aliyempata kwenye simu, afanyeje ili jioni hiyo iwe tamu au iwe chungu lakini usiku awe kwake, na simu yake, na akili zake timamu. Kwangu mimi kila kitu kinazunguka swali moja tu, ukitaka kuondoka sasa hivi, dakika hii hii, unaweza? Yaani bila kumuomba ruhusa, bila kumuomba hela, bila kusubiri awashe gari. Kama jibu ni ndiyo tangu unatoka home mpaka unarudi, umeshamaliza kazi kubwa.

Zamani hii kazi ilikuwa na wenyewe. Mtu anatuma mshenga, huku mashangazi wanaanza kupeleleza, huyu ni wa ukoo gani, baba yake alikuwa anapiga mke, kaka zake wanafanya nini, na mpaka jibu linarudi wewe umeshajua hadi deni la bibi yake. Sasa hivi umempata Badoo, au kakujia DM Insta kwa kulike picha za 2019, anakaa Goba wewe unakaa Mbagala, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 kwenye huu mkoa na katika wote hao hakuna hata mmoja mnayemfahamu nyie wawili. Ule upelelezi wa mashangazi inabidi uufanye mwenyewe.

Kumchunguza sio ushamba

Anza na jina. Usimuombe kitambulisho, utaonekana afisa uhamiaji. Chukua namba yake, ingia kwenye kutuma pesa, weka kiasi kidogo, kabla hujathibitisha jina la aliyesajili laini litatokea, lisome halafu sitisha. Wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani" wote tunawajua, basi safari hii jina linakuja kwa faida yako. Kakwambia anaitwa Kelvin na imekuja Kelvin, safi. Ikija Mwanaidi usikimbie hapo hapo, watu wengi tu wanatumia laini za mama zao na dada zao, walipobanwa na usajili wa alama za vidole na namba ya NIDA wakati ule wa 2020 waliokuwa hawana kitambulisho walisajiliwa na ndugu. Ila uliza. Uliza kwa utani kabisa, "mbona namba yako inaleta Mwanaidi?" halafu sikiliza. Asiye na cha kuficha atacheka, "ah hiyo ya sista". Mwenye chake atakuja juu, kwa nini unanichunguza, ina maana huniamini. Ndiyo, sikuamini, hatujaonana.

Picha zake zipitishe Google Lens, dakika moja tu, ukikuta sura hiyo hiyo ni ya mwanamitindo wa Lagos umeokoa nauli. Na kabla ya kupanga siku mpigie kwa vidio. Sio lazima muongee sana, unataka kuona sura inafanana na picha na unataka kuona yuko wapi, na mpigie usiku, saa tatu hivi, sio mchana akiwa kazini. Mwanaume anayepatikana kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni halafu usiku simu inazimwa kama ofisi ya serikali, huyo ana mtu ndani. Na hili silisemi kwa ajili ya maadili, nalisema kwa ajili ya usalama, fumanizi linajua kuchagua mtu wa kupigwa na mara nyingi sio mwanaume. Mke wa mtu akija na wadogo zake pale mlipokaa hatauliza kama ulikuwa unajua.

Kuna mtihani mmoja naupenda kuliko yote, na hauna gharama. Mkatalie kitu kidogo kabla hamjaonana. Akisema saa mbili usiku, sema mimi saa mbili sitaweza, tufanye saa kumi. Akisema nitakufuata kwako, sema hapana tukutane kule kule. Halafu tulia uone. Kuna atakayesema "poa, saa kumi basi", biashara imeisha. Kuna atakayekuuliza kwa nini, akabembeleza, akanuna, akakaa siku nzima bila kujibu halafu akarudi na yale ya "nyie wanawake mna mambo". Mtu anayeshindwa kupokea hapana ya saa ngapi tukutane, hapana ya saa tano usiku ataipokeaje? Huyo mwache kwenye simu, tena hapo umetumia bando tu.

Mahali

Chagua wewe. Akichagua yeye, basi iwe sehemu unayoijua, sio mpaka ufike ndio uanze kuuliza njia ya kutokea. Mimi vigezo vyangu ni vichache. Pawe na watu wengi ambao hawajalewa. Pawe na usafiri mlangoni. Na pasiwe na vyumba juu. Hili la tatu watu hawalisemi lakini kwa mji huu ndio lenyewe, kuna baa na grili ngapi kuanzia Sinza mpaka Tabata ambazo chini ni nyama choma juu ni lodge, unakaa unakula kuku wako kumbe mwenzio ameshachukua funguo mapokezi. Hakuna ubaya watu kwenda lodge wakikubaliana, ila deti ya kwanza usikae kwenye jengo ambalo ngazi zake zinaishia huko.

Mlimani City ni pazuri kwa kuanzia, najua mtasema pamezoeleka, ndio uzuri wake, kuna walinzi, kuna familia zimekuja kununua vitu vya nyumbani, teksi na bajaji hazikauki. Slipway pia, ukiwa na hela ya kule. Migahawa ya Posta mchana, hasa kama unatokea Kimara au Mbezi, unapanda mwendokasi unashuka Kivukoni, mnakula, unarudi na mwendokasi wako, hakuna anayekuuliza nikupeleke. Coco Beach inafaa lakini kwa saa zake. Saa kumi jioni pale ni pazuri kuliko mgahawa wowote, mnasimama kwa muuza mihogo, anakatia pilipili na kachumbari juu, mishkaki inaungua pembeni, watoto wanapiga kelele majini, na uzuri wa kula mkiwa mmesimama ni kwamba deti ikiwa mbovu mhogo ukiisha na deti imeisha. Ila giza Dar linaingia kama saa kumi na mbili na nusu, saa moja, na likishaingia usikubali habari za "tutembee kidogo kule mbele kwenye mawe pana upepo". Upepo upo hata kwenye taa.

Fukwe za mbali, Kigamboni ndani ndani huko, Bagamoyo, Kunduchi kwenye viota visivyo na watu siku za wiki, acha kwa deti ya tano. Kigamboni hasa, usiku ukizinguana na mtu upande ule kuna bahari kati yako na nyumbani, uanze kuwaza pantoni au uzunguke darajani, na bodaboda wa kule huwajui.

Na ogopa sana kubadilishwa mahali dakika za mwisho. Mmepanga Mwenge, umeshaoga, umeshavaa, uko kwenye daladala, inaingia meseji, "babe nimekwama huku Makongo kuna mzigo nasubiri, njoo tu huku kuna sehemu nzuri, nakutumia bodaboda akufuate". Hapana. Bodaboda aliyetumwa na yeye ni wa kwake, anajua mnakoenda na wewe hujui, na ukifika huko huna pa kurudia. Mjibu kwamba utamsubiri hapo mlipopanga kwa nusu saa, asipotokea unaondoka. Kama kweli kakwama ataahirisha, mzigo wa kweli unaahirishika.

Sasa nauli

Najua nagusa pabaya. Mji huu nauli ni taasisi, wanaume wanalia zinaliwa, wanawake wanalia hazitumwi, kila upande una mashahidi wake. Mimi sikukatazi kupokea, akituma na ya kutolea pokea sema asante. Ila usiondoke nyumbani ukiwa unategemea kwamba atakupa ya kurudia. Hapo ndipo wengi wanaponasa, kaja na elfu mbili ya kwendea, saa nne usiku imefika, anasema "nipe basi nauli niende", jamaa anasema "si tulale tu, asubuhi nitakupeleka", na hapo hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyemfungia mlango, lakini hana pa kwenda. Mwenye nauli ya kurudi ndiye anayeamua deti inaisha saa ngapi.

Kwa hiyo kabla hujatoka pigia hesabu nauli ya kurudi ile ya mbaya zaidi, yaani usiku, kwa gari la mtandaoni, mvua inanyesha na bei imepanda. Kiasi hicho kiwe kwenye simu, na kiasi kingine noti mkononi, ikunje iweke nyuma ya kava la simu au kwenye sidiria, bibi zetu walikuwa wanafunga kwenye pindo la khanga na walijua wanachofanya. Kama hela hiyo huna, badilisha mahali, mwambie mkutane karibu na kwenu. Sio karibu na nyumba yenyewe, karibu na mtaa wenu, kituo kimoja viwili kabla. Ni bora soda na chipsi mayai Kimara unakoweza kurudi kwa miguu kuliko pizza Masaki unayomalizia kwa kubembeleza.

Na hela ya kinywaji chako uwe nayo. Sio lazima ulipe, uwe nayo tu. Ukiweza kumwita mhudumu na kusema "dada naomba bili ya juisi yangu" unaondoka hata kabla chakula hakijaja, na hakuna wa kukudai kitu.

Kwenda na kurudi

Nenda mwenyewe, rudi mwenyewe. Hata kama ana Crown nyeupe inang'aa. Deti ya kwanza usipande gari lake, kwenda wala kurudi, na ukikataa huna haja ya kutunga hadithi, "hapana nashukuru, nina usafiri wangu" inatosha na ukishaisema nyamaza, maelezo mengi yanampa pa kushikia.

Ukitumia Bolt au gari lingine la mtandaoni angalia namba ya gari kabla hujafungua mlango, na muulize dereva "unamfuata nani?" yeye ndiye akutajie jina, usimtajie wewe. Ile sehemu ya kushea safari itumie, unamtumia besti kiungo anaona gari linavyotembea. Dereva akisema kansel tulipane mkononi, wewe unajua na mimi najua kwa nini wanasema hivyo, na mchana huwa tunakubali, ila usiku wa deti usikubali kwa sababu ukikansel programu haifuatilii tena safari yako kwenye gari hilo. Teksi bubu za kuokota barabarani usiku, hapana kabisa.

Kitu kizuri kuliko programu zote ni bodaboda au bajaji wa kijiweni kwenu. Yule anayekujua, anayemjua mama mwenye nyumba wako, ambaye mwenyekiti wa kijiwe ana namba yake. Mwambie mapema, "kaka leo saa tatu usiku naweza kukupigia unifuate Mwenge, uwe hewani". Utamlipa kidogo zaidi, sawa. Lakini mwanaume akiona umefuatwa na mtu anayekuita dada kwa jina, anaelewa kwamba una watu.

Usiku ukirudi usishukie getini kama kuna uwezekano anakufuata nyuma, na akisisitiza kukusindikiza shukia dukani kwa Mangi, nunua hata maji, ongea na muuzaji, mpaka yeye aondoke. Nyumba unayokaa ni siri yako kwa muda, aijue akishakuwa mtu. Na stetasi za WhatsApp zinaumbua watu hapa, unaficha kwako mwezi mzima halafu unaposti mafuriko ya mtaani kwenu na bango la saluni linasomeka.

Besti na LUKU

Lazima kuwe na mtu mmoja anayejua uko wapi, na nani. Mmoja anatosha, ila awe mtu sahihi, sio yule anayelala saa mbili na nusu, sio yule ambaye simu yake kila saa iko chaji, na sio yule atakayecheka akuulize "kwani huyo jamaa anaua?". Mtumie vitu hivi kabla hujatoka: jina lake, namba yake, skrinshoti ya profaili, mahali, na saa utakayorudi. Halafu lokesheni ya WhatsApp ile inayotembea, chagua ya masaa nane, ile ya lisaa limoja itakatika mkiwa bado mnasubiri kuku.

Panga naye neno. Mimi napendekeza LUKU, ule umeme wa kununua kabla, maana hakuna mtu Tanzania anayeshangaa meseji ya umeme. Inakwenda hivi:

"Besti kwako LUKU ipo?" maana yake nimechoka, nipigie baada ya dakika tano nipate sababu ya kuondoka.

"Besti LUKU imekata" maana yake sipo salama, njoo na mtu au piga polisi, lokesheni unayo.

Mtofautishe vizuri mkiwa mmekaa, msije mkachanganya, ya kwanza ni ya kuboreka ya pili ni ya hatari. Na akikupigia ile ya kwanza ongea kwa sauti, "eeh, kaanguka? yuko hospitali gani? nakuja", simama, beba pochi, pole nyingi, tutaongea. Uongo? Ni uongo. Siku ya kwanza hudaiwi na mtu ukweli wa kwa nini unaondoka.

Besti naye ana kazi yake, saa mliyokubaliana ikifika kimya anapiga, usipopokea anapiga tena, usipopokea anampigia mwanaume mwenyewe, "samahani kaka nadhani uko na dada yangu, mama anamtafuta". Utaona heshima inavyopanda.

Simu itoke na chaji ya kutosha, pawa benki kama unayo, na uwe na salio la kawaida, sio bando la intaneti peke yake, maana kuna kona mtandao unagoma lakini simu inapiga. Na simu yako usimwazime. Hata ile ya "yangu imezima, nipige mara moja tu". Akitaka kupiga taja namba, piga wewe, weka spika. Wapo ambao deti yote ilikuwa ni hiyo simu, anatoka nje kidogo "hapa hakuna network" na hapo ndio mwisho, na wewe huku mihamala na mikopo ya simu inasomeka kwa jina lako.

Kinywaji

Hapa usione aibu hata kidogo. Chupa ifunguliwe mezani mbele yako, iwe soda, iwe Savanna, iwe maji. Baa nyingi za hapa mhudumu anakuja na opena, akija na chupa iliyofunguliwa tayari mwambie kwa upole, "dada samahani, niletee nyingine unifungulie hapa", wahudumu hawashangai, wao ndio wanaona mengi kuliko sisi sote. Kaunta asiende yeye kukuchukulia. Ukienda msalani kunywa umalize au iache, ukirudi agiza mpya, hata kama ni nusu chupa na inauma, inauma elfu ngapi? Juisi za glasi na kokteli ndio tabu zaidi kwa sababu huoni zilikotoka, siku ya kwanza kunywa cha chupa.

Kama pombe unakunywa, kunywa, mimi sio mama mchungaji, lakini kunywa chini ya kiwango chako na kula kwanza. Jua mwili wako. Bia moja na nusu haijawahi kukulegeza miguu, leo imekulegeza, kichwa kizito, maneno hayatoki sawa, usiseme labda ni uchovu. Hapo una dakika chache za akili, zitumie kumfuata mhudumu au mlinzi, sio chooni peke yako na sio nje kupunga upepo na yeye. Sema wazi, "nahisi nimewekewa kitu, huyu niliyekuja naye simjui vizuri, naomba msiniache niondoke naye", mpe simu yako ampigie besti.

Kwa nini nasema useme wazi? Kwa sababu mji huu watu hawaingilii "mambo ya wapenzi". Mwanaume anamkokota dada kwenda kwenye gari, mlinzi anauliza, anajibiwa "wife kazidisha", mlinzi anafungua geti. Wanaokuzunguka wanaona mume na mke mpaka wewe uwaambie sivyo. Basi waambie mapema na kwa sauti, simjui huyu mtu, nisaidieni. Ila nakuomba usipige kelele ya mwizi. Tunajua hilo neno linafanya nini kwenye mitaa yetu, ndani ya dakika mbili kuna tairi na mtu anaweza kufa, na kwenye vurugu hiyo hata wewe hutakuwa salama.

"Tupitie gheto mara moja"

Nimesahau waleti, tupitie mara moja. Nikabadilishe shati. Nikuonyeshe tu ninapokaa. Kuna mechi inaanza saa nne, tukaangalie kwangu. Mdogo wangu hizi zote ni sentensi moja. Anaweza akawa mtu mzuri tu na kweli kasahau waleti, na mtu mzuri ukimwambia "nenda nakusubiri hapa" ataenda na kurudi. Chumba cha mtu mna mlango mmoja na funguo anayo yeye, sahau hata habari ya nguvu, jirani anayekusikia atasema ni wapenzi wanagombana.

Na ukiamua kwenda, kwa sababu wewe ni mtu mzima na unampenda, nenda ukiwa umeamua wewe na sio umeburuzwa, mtumie besti lokesheni mpya, na jua kwamba kwenda kwake sio kukubali kitu chochote. Hata ukiwa umekaa kitandani bado unaweza kusema naondoka. Chipsi kuku haijawahi kuwa mkataba.

Kesho yake

Ukifika mwambie besti umefika, kwa simu sio kwa emoji, emoji anaweza kutuma yeyote aliyeshika simu yako. Mwenzio kama alikuwa mstaarabu mtumie asante. Kama hakukuvutia usipotee kimya kimya wiki mbili halafu mkutane kwenye mwendokasi, mwandikie tu, "asante kwa jana, ila mimi sijaona tukiendelea, nakutakia kila la heri." Wengi watajibu poa. Wachache watataka hela yao ya chipsi. Mrudishie, na ya kutolea muwekee, halafu mpige bloku.

Picha za utupu usimtumie, mmeonana mara moja tu. Na kama zipo tayari anaanza kutishia kuzisambaza, usimlipe, akilipwa mara moja atarudi, piga skrinshoti ya vitisho vyote na namba ionekane, peleka polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na watu wameshafikishwa mahakamani kwayo. Namba za matapeli wa kawaida unazituma TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, kupitia 15040.

Likitokea baya lenyewe

Nalisema hili taratibu kwa sababu likishatokea hakuna mwenye akili ya kutafuta maelezo, kwa hiyo lisome sasa. Kwanza ondoka ulipo, nenda penye watu, mpigie besti. Polisi ni 112. Najua mwili unataka kuoga, usioge kwanza, usifue, nguo ulizovaa ziweke kwenye mfuko wa karatasi, wa plastiki unaharibu ushahidi.

Vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, omba upelekwe hapo moja kwa moja, usihojiwe kaunta mbele ya watu. Watakupa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kama umeumia au hali ni mbaya anzia hospitali, PF3 mtu mwingine ataifuata. Kuna hospitali zenye vituo vya Mkono kwa Mkono, Amana Ilala ni mojawapo, pale daktari, polisi na ushauri nasaha unavipata sehemu moja, huzungushwi.

Hospitali kuna saa 72 za kuzingatia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, PEP, lazima zianze ndani ya saa hizo, na saa ya pili ni bora kuliko saa ya sitini, unazimeza siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo ni mapema iwezekanavyo, P2 ni ndani ya saa 72. Usipoambiwa, uliza mwenyewe. Umechelewa zaidi ya hapo? Nenda hivyo hivyo, vipimo na matibabu mengine bado vipo, na kesi haiishi kwa sababu siku tatu zimepita.

Chati usifute hata moja, hata zile zinazokuaibisha, hata ile uliyomwandikia "nakuja babe". Uliyakubali maongezi, hukukubali kilichotokea. Na kituoni usiende peke yako, nenda na besti au dada yako, mtu anayeweza kuongea wewe ukishindwa, maana unaweza kukutana na askari muungwana sana na unaweza kukutana na wa "kwani ulifuata nini kule usiku". Wa namna hiyo usibishane naye, omba kuonana na mkuu wa kituo au askari wa dawati, na msiondoke pale bila namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yako polisi, besti aiandike kwenye simu yake na wewe kwenye yako.